Niliziba ukuta wa jirani yangu Dzaleka, na kazi ikatoka nzuri kupita kiasi

Wakuu, amani iwe kwenu humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Miaka yote nasoma nyuzi za watu, nacheka, wakati mwingine machozi yananilenga, halafu nafunga simu. Leo naleta wangu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, ukuta ni ule ule.

Ni mrefu kiasi. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye funzo huko chini, ila atakuwa amekunywa mchuzi akaacha nyama.

Mimi ni Mkongomani wa Uvira, wazazi wangu ni wakulima wa mihogo. Niko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu ni fundi ujenzi. Siyo injinia, wakuu, mimi ni wa mwiko na karai.

Sasa mjue kwanza nyumba ninayoishi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Ni vyumba vitatu vya matofali kwenye mstari mmoja, paa moja la mabati. Kuta za katikati hazikufika juu. Aliyejenga aliishiwa tofali, au aliishiwa nguvu, sijui. Kati ya ukuta na bati pakabaki nafasi ya kiganja cha mkono. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anakwambia pole.

Mwisho wa kulia nakaa mimi.

Katikati alikaa Esperance, mshonaji kutoka Bukavu. Alikuwa peke yake na cherehani yake. Amesoma mpaka akamaliza sekondari, anaongea Kifaransa cha kunyooka.

Mwisho wa kushoto anakaa mzee tunayemwita Papa Ndagala, kwa sababu anakaanga na kuuza ndagala, hao samaki wadogo ambao wengi wenu mnawaita dagaa.

Niseme mapema ili nisiwazungushe. Nilimpenda Esperance. Miaka mitatu nilimpenda na sikumwambia hata nusu neno. Yeye wa mjini mwenye diploma ya sekondari, mimi wa shamba mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Kila nikijipanga naona bado sijawa mtu wa kusikilizwa. Nikajiambia, subiri kwanza uwe na kitu cha maana cha kusema.

Mtakaocheka chekeni, nimeshazoea.

Kipindi hicho nikapata kibarua Lilongwe, kwenye saiti ya flats, jengo la ghorofa nne upande wa kuelekea Kanengo. Jumatatu mpaka Ijumaa nalala mtaa wa Mtandire kwa rafiki yangu. Ijumaa jioni minibasi, halafu kabaza, ile teksi ya baiskeli, mpaka kambini. Mkimbizi kukaa mjini ni shida, mnajua sheria inatutaka kambini, kwa hiyo unaishi kama mtu aliyevaa shati la kuazima.

Lakini nilikuwa na Ijumaa yangu.

Nikifika, nafungua mlango, natua begi, navua viatu. Kabla sijawasha hata taa, cherehani ya upande wa pili inanyamaza. Halafu sauti inapita juu ya ukuta, ya chini, ya mtu asiyetaka majirani wote wasikie.

"Fundi, ulisharudia?"

"Nimesharudia, dada."

"Aya, karibu kwako. Pumuzika."

Cherehani inaendelea.

Ni hayo tu, wakuu. Hakuna zaidi. Lakini wiki nzima napanda ngazi na ndoo za zege nikisubiri maneno hayo. Tangu nitoke Uvira hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza kama nimerudi. Watu wanauliza unatoka wapi, unakwenda wapi, karatasi yako iko wapi. Kurudi hawaulizi.

Tuje kwenye kazi.

Mwenye lile jengo alishachoka na malalamiko kwenye flats zake za zamani. Mpangaji wa juu akivuta sigara, wa chini anavuta naye bure. Mmoja akikaanga vitunguu, ngazi nzima inajua anakula nini. Mende wakipuliziwa dawa kwa huyu wanahamia kwa yule. Basi hili jengo jipya akataka kila nyumba ifungwe na jirani yake, hewa isivuke kabisa.

Tulikuwa na kapita wetu, yaani msimamizi wa mafundi, Mmalawi mmoja mtulivu, tunamwita Ba Phiri. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Mimi nilidhani ukuta ukishapigwa plasta umefungwa. Akanicheka. Akatandaza turubai kwenye mlango wa flat, katikati feni kubwa inayovuta hewa kwenda nje. Madirisha yote yamefungwa. Akawasha kijiti cha moshi akatembea nacho polepole kando ya ukuta.

Moshi ulikuwa umenyooka. Ukafika kwenye swichi ya umeme, ukalala chali kama umepulizwa. Kumbe nyuma ya ile swichi kuna swichi ya jirani, tundu moja, plasta imeficha tu. Akaenda chini ya sinki, mahali bomba linapoingia, moshi ukacheza. Akaenda pale ukuta unapokutana na zege la juu, moshi ukacheza mstari mzima.

Akaniambia neno ambalo sitalisahau. Nyumba ina pande sita, kuta nne, juu na chini. Ukiziba tano ukaacha mmoja, umefanya kazi bure.

Nilipenda ile kazi, sitaki kudanganya. Vijiti vya moshi vilipoisha nikaleta dawa ya mbu, ile ya kuzunguka inayochomwa, na ikafanya kazi vizuri tu. Nikawa natafuta matundu kuliko mtu yeyote pale saiti. Silikoni kwenye nyufa ndogo, foam ya kopo kwenye matundu makubwa, kwenye mabomba tunaacha kitu laini kwa sababu bomba linatanuka na kusinyaa. Saruji tupu inapasuka, na ufa ni mlango. Ba Phiri akaanza kuniita "mphunzitsi", mwalimu. Kichwa kikavimba.

Na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, kwenye kichwa kuvimba.

Jumamosi moja Esperance akanifuata nje nafua. Ameshika gauni jeupe la harusi, amelibeba mbele kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, nusa."

Nikanusa. Gauni la harusi lilikuwa linanuka ndagala.

"Bantu bamerudisha. Bibi arusi alilia mbele yangu," akasema. "Moshi ya Papa inapita pale yulu, inaingia mu nguo zote. Mi sina ubaya na ule muzee, ni kazi yake. Lakini hii njo kazi yangu. Weye unaziba manyumba ya batajiri ku Lilongwe, unaweza niziba na mie?"

Wakuu, angeniomba nimzibe Ziwa Tanganyika ningekwenda kutafuta mwiko.

Sasa sikilizeni vizuri. Aliomba ukuta mmoja, ule wa Papa Ndagala. Huo tu.

Jumamosi iliyofuata nikaanza asubuhi. Matofali ya kuchoma, udongo, chokaa kidogo. Ila juu kabisa, pale pa kiganja, udongo peke yake haukai. Bati la Dzaleka jua likiwaka linanyanyuka, jioni linashuka, udongo unapasuka siku hiyo hiyo. Foam ya kopo sina. Nikamuuliza kama ana vipande vya nguo alivyokata akabakiza.

Akaleta gunia. Vitenge, satini, lesi za maharusi, sare za kwaya ya kanisa lao, bluu ya bahari. Tukawa tunavichovya kwenye udongo wa maji, yeye anakunja, mimi niko juu ya meza nasukuma kwenye nafasi. Kila kipande ananiambia ni cha nani. Huyu aliolewa, huyu alisafiri, huyu hakuja kuchukua gauni lake mpaka leo. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi hapa kambini, na sikujua.

Saa nane ukuta wa Papa umekwisha. Nikapitisha dawa ya mbu. Moshi umenyooka wima. Safi.

Nikageuka, nikaangalia ukuta wa upande wangu.

"Na huu," nikasema.

"Ule wako?" akauliza. "Ule unapitisha nini?"

Nikamweleza habari ya pande sita. Nikamwambia hata mimi Jumamosi napika, moshi wangu pia ni moshi. Nikamwambia kazi ya fundi haina nusu. Nilikuwa nimesimama juu ya meza, mkono kiunoni, naongea kama nimeijenga dunia.

Akauangalia ule ukuta wangu. Halafu akasema, "Sawa, weye njo fundi." Akaanza kunikunjia vitambaa.

Nikaziba ukuta wangu. Na kwa vile nimenogewa, nikaziba na nafasi za mbele na nyuma chini ya bati. Zote. Chumba kikawa kama kopo la maziwa.

Msomaji mwenye akili ameshaona kosa la kwanza.

Jumatano yake, niko saiti, simu inalia. Papa Ndagala. Anasema Esperance ameanguka mlangoni, anatapika, kichwa kinampasuka. Upepo wa vumbi ulikuwa mkali siku hiyo, akafunga mlango, akapiga pasi magauni. Pasi ya makaa, wakuu. Makaa ndani ya chumba ambacho mimi nimekifunga kila upande.

Nikamwambia Ba Phiri, akaniuliza swali moja tu, "Uliacha wapi pa kupumulia?"

Akaniambia kumbe nilisikia nusu. Kati ya nyumba na nyumba unaziba. Kati ya nyumba na nje unaacha ipumue, unachagua mwenyewe wapi na kwa kipimo gani. Ndiyo maana flats zile zina matundu ya hewa na feni kwenye bafu na jiko. Mimi niliona zinafungwa, nikadhani ni kazi ya mtu mwingine.

Jioni ile nilikuwa Dzaleka. Nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, kina mama wanampepea, rangi imeanza kurudi usoni. Nikaomba msamaha mpaka akaniambia inatosha.

Nikatoboa mbele na nyuma, matundu makubwa chini ya bati, nikaweka wavu wa mbu. Pasi nikamwekea kibanda kidogo nje cha kupigia. Hewa ikaanza kupita vizuri.

Nikiwa nakusanya vyombo mlangoni kwake, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa upande wangu.

"Na pale, Fundi? Haubakishe hata kadogo?"

Alikuwa anatabasamu. Nakumbuka vizuri kwamba alikuwa anatabasamu.

Na mimi, wakuu, mimi niliyevimba kichwa, nikamjibu, "Hapana dada, pale ndiyo kazi yenyewe. Pale haipiti hata sindano."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nikarudi kama kawaida. Nikafungua mlango, nikatua begi, nikavua viatu. Nikasubiri.

Kimya.

Nikakaa kitandani na viatu mkononi mpaka giza likaingia. Cherehani hata sikuisikia. Nikasema labda katoka.

Ijumaa nyingine, kimya. Na nyingine.

Nikaanza kujenga hesabu zangu mwenyewe. Kumbe alikuwa ananisalimia kwa sababu alikuwa na shida ya moshi. Shida imekwisha, salamu imekwisha. Au ana hasira na mambo ya pasi, anaficha. Au amepata mtu. Tukikutana bombani tunaulizana habari, nzuri, kazi, nzuri, kila mtu anabeba ndoo yake. Kumuuliza mbona siku hizi huniulizi kama nimerudi, aibu. Mtu mzima unauliza vipi jambo kama hilo?

Mvua zilipoanza jina lake likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa nje. Kesi yake ya kusafiri, iliyolala miaka, ikaamka. Nchi ya mbali, ya baridi. Wiki chache tu za kujiandaa.

Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku mpaka kwenye basi. Cherehani alishaigawa kwa kanisa. Akanipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akaniangalia kama mtu anayesubiri chenji.

Nikasema, "Safari njema, dada."

Basi likaondoka. Nikarudi nikalala na nguo zangu. Nililia, sioni aibu kuandika hapa, hamnijui.

Zimepita mvua mbili tangu hapo. Chumba chake hakijapata mtu, bati lilianza kuvuja katikati, watu wanakikwepa. Ukuta wangu haujapasuka hata kidogo. Kule Lilongwe nimekuwa msaidizi wa kapita, watu wananiita kupima majengo mengine. Nikiingia flat yoyote nazima simu, nasimama, nasikiliza kwanza kabla ya kuwasha dawa ya mbu. Vijana wanadhani ni ufundi.

Sasa Jumapili iliyopita, natoka kanisani, ikaingia voice note. Namba ya nje.

Nimeisikiliza mara nyingi sana, naweza kuwaandikia yote.

"Fundi, jambo. Ni mie Esperance. Nilipata namba yako kwa Papa. Niko muzima. Huku baliniweka mu nyumba ya yulu, étage ya tatu. Hii nyumba balizibaka kama ile kazi yako. Jirani yuko pale tu, karibu, mi simusikie. Hata kukohoa. Nafika ku kazi, nafunga mulango, kimya. Njo nikakukumbuka. Fundi, nilitaka kukuuliza kitu kimoja, usikasirike. Juu ya nini uliachaka kunijibu? Kila Ijumaa nilikuwa nakuuliza, ulisharudia? Nasikia mulango yako kule inje, najua uko. Nauliza, unanyamaza. Nikasema pengine alichoka na mie. Na mbele ya kusafiri, ile magaribi ya mwisho, nilisimama pale ku ukuta nikauliza ingine. Ku macho yako nisingeweza. Niliuliza, Fundi, niende, ao nibakie? Nilisubiri sana. Haukusema kitu. Basi, njo ile. Salamia Papa."

Wakuu.

Mimi ndiye niliyepima ule ukuta. Kwa mkono wangu, kwa dawa ya mbu, nikaona moshi umesimama wima nikajipongeza. Fundi mzima, na sikuwaza kwamba pasipopita moshi hapapiti na neno. Aliniuliza kila Ijumaa. Nilikuwa pale, kitandani, viatu mkononi, namsubiri aniulize.

Nilisimama barabarani mpaka mwendesha kabaza akanipigia kengele nipishe.

Nilipofika nyumbani sikubadilisha hata nguo za kanisa. Nikapandisha kiti juu ya meza, nikachukua bisibisi, nikaanza kuchomoa. Udongo ulikuwa umekauka kama jiwe. Kitenge. Lesi. Satini ya yule ambaye hakuja kuchukua gauni lake. Bluu ya kwaya. Kila kipande kinatoka na sauti yake siku ile, huyu aliolewa, huyu alisafiri. Papa Ndagala akaja mlangoni, akaangalia, akauliza, "Unabomoa juu ya nini? Kule hamuna muntu." Nikamwambia najua. Akaondoka taratibu.

Nafasi ilipofunguka, hewa ya chumba chake ikanigusa usoni. Ilikuwa na harufu ya vumbi na kidogo mafuta ya cherehani.

Nikasema, "Nimesharudia, dada."

Sauti ikapita. Ikaenda mpaka ukuta wa Papa, ikarudi.

Funzo, wakuu, maana najua kuna waliorukia hapa.

Wanaojenga nyumba za kupanga, zibeni kati ya mtu na mtu. Swichi zisipeane mgongo, mabomba yawekewe kitu laini, na ukuta ufike juu kabisa. Ni heshima kwa mpangaji. Lakini kila nyumba muiachie pa kupumulia kwenda nje. Na makaa, iwe jiko au pasi, msiyaingize chumba kilichofungwa, nawaomba. Hilo lilitaka kuniulia mtu.

La pili ni la wanaume wa aina yangu, wanaosubiri wawe na kitu cha maana cha kusema. Kisemeni kidogo mlicho nacho wakati ukuta bado una tundu. Mwenzako akikuuliza kama umerudi, ameshakwambia mengi.

Sasa karibuni mchangie. Mafundi tusaidiane ya ufundi, na wenye ya moyoni waseme. Wa kunitukana pia waje, nafasi ipo, nimeshaifungua.

Siku tano sikumjibu. Naandika, nafuta. Naeleza habari ya pande sita, naona ujinga, nafuta. Ila sasa hivi, kabla ya kuurusha uzi huu, nimepanda tena kwenye kiti, nikaweka simu pale pa kiganja, juu ya ukuta, nikarekodi kutokea hapo. Nimesema maneno mawili tu.

"Bakia nami."

Najua nimechelewa. Najua bahari ipo katikati, na karatasi, na baridi. Lakini aliuliza, na swali lake lilikuwa linadai jibu kutoka kwenye ukuta ule.

Imefika kwake. Bado hajaisikiliza. Leo ni Ijumaa, huenda hajarudi kutoka kazini.